Siku Tulipozima Mashine ya Sufuria

Marahaba, mjukuu wangu Mwanasha. Huku Msambweni hatujambo. Bibi yako anaanika mihogo. Waniuliza utawasimamiaje wafanyakazi waliokuzidi umri huko kiwandani.

Uhuru ulipoingia, niliwekwa msimamizi katika kiwanda cha sufuria Mombasa, mdogo kuliko wote. Mashine ilishuka, ikapanda, na bamba bapa likageuka sufuria, ikimeta kama ndotoni. Ramadhani moja nikamwona mzee Bakari anasinzia, mkono wake umebaki chini ya chuma cha mashine. Nikazima.

Meneja akaja mbio. "Nani amezima?"

Kabla sijajibu, Bakari akasema, "Sisi."

Wenzake wakaitikia, "Sisi."

Meneja alitutazama, akarudi ofisini. Tukampumzisha Bakari mlangoni, penye upepo wa bahari. Hapo ndipo nilipoanza kuwa msimamizi.

Akulinde Mola.
Babu yako