Baki ya 21,649

Dada yangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naanza nalo nisije nikaliruka: ile kazi ya namba niliyokusimulia likizoni, sehemu yangu niliibuni. Sasa nikusalimu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na kile cherehani cha kiwandani? Sisi hatujambo. Mama anasema ukishona usisahau kula.

Uliniuliza maonyesho ya shule yalikwendaje. Unaikumbuka namba yenyewe, moja kumi na moja mfululizo: 11,111,111,111. Kifutio, yule rafiki yangu anayefuta makosa hadi daftari linatoboka, alitaka tuthibitishe kwamba ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mwalimu wa hesabu alitupunguzia mzigo. Alituonyesha kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikigawanya kwa 22, lazima kibakize 1. Zikabaki namba kama elfu moja za kujaribu. Tukakubaliana kugawanya kwa mkono, na kando ya kila namba kuandika baki yake. Nilipewa zilizo kati ya elfu ishirini na elfu arobaini, karibu mia mbili. Nyingine zote alizibeba yeye.

Ukurasa wa kwanza niliufanya kwa uaminifu. Kisha nikaazima kitabu cha hadithi maktaba, nacho kilitakiwa kurudi Ijumaa. Nikasoma hadithi, na baki nikaziandika kutoka kichwani. Niliangalia tu zisizidi kigawo na zisifanane. Kando ya 21,649 niliandika 7,318. Kifutio akanakili yote kwa wino kwenye daftari safi.

Siku ya maonyesho alisimama ukumbini akatangaza kuwa namba yetu ni tasa. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika bango. Msichana wa shule jirani akaomba ubao kwa adabu, akaandika 21,649 × 513,239. Kifutio akazidisha mwenyewe, mstari baada ya mstari, chaki ikimvunjikia mkononi. Alipojumlisha, moja zikaanza kujipanga kutoka kulia mpaka zikatimia kumi na moja. Ukumbi ukaangua kicheko. Siku hizi akipita wanamwita Mheshimiwa Moja-Moja, wanamwuliza kama moja na moja bado ni mbili au ameshabadilisha.

Kilichonimaliza, dada, ni kwamba aliniomba radhi mimi. Anaamini alikosea kunakili. Aliomba daftari langu la rafu atafute alipoteleza, nikamwambia limepotea, kumbe limo chini ya godoro langu. Juzi alimwambia mwalimu alifute jina lake kwenye orodha ya mashindano ya hesabu tuliyoandikishwa sote wawili, eti asiyeweza hata kunakili hafai kwa hesabu. Mwalimu amempa hadi Jumatatu afikirie. Na najua umejisifu kwa wenzako kuhusu mdogo wako mwenye akili. Nisamehe.

Nilipofika hapo niliiacha barua, nikatoa daftari, nikaenda kwao. Baba yake, fundi viatu, alinielekeza uani, akinitania kwamba profesa mwenzangu amegoma kula. Nilimwonyesha Kifutio ukurasa wa pili, nikamwambia kwamba hakukosea kunakili, ile 7,318 niliibuni, na zote zilizofuata. Alisoma hadi mstari wa mwisho. Hakunitukana. Aliniambia tu nirudi nyumbani na daftari niliache.

Leo ni Jumatatu. Kabla mwalimu hajaita majina ya mashindano, nilisimama mbele ya darasa nikaeleza kama nilivyokueleza wewe. Mmoja akasema kumbe akina Moja-Moja walikuwa wawili. Jina la Kifutio limebaki kwenye orodha, langu limeondolewa. Hajasema nami, ila wakati wa kutoka alinirudishia daftari. Ukurasa wa pili alikuwa ameufuta wote, baki zangu zote, akaacha vigawo peke yake.

Nimeanza upya na 21,649. Baki ni sifuri. Nyingine sikuziacha, nimeshagawanya saba, kila moja mara mbili.

Wasalimie wenzako, na ukiweza waambie ukweli. Naweka barua kwenye bahasha, nikaendelee na ya nane.

Ni mimi mdogo wako.