Nilimsifu mpinzani wangu mkutanoni

Likoni, Jumanne, 1988. Joto, na tangu alfajiri hakuna upepo.

Mtaa mzima wa nyuma ya soko umenihama. Habari hii nimepewa asubuhi na Bi Saumu, wakala wangu, ambaye siku ya uteuzi atasimama kiwanjani na picha yangu ili wanaonitaka niwe diwani wajipange mlolongo nyuma yake. Kapita nyumba kwa nyumba, karudi na jibu moja: "Mgombea wako mwenyewe kasema diwani tuliye naye ni mzuri."

Nilisema, kweli. Si kwa maneno hayo, lakini nilisema.

Ilikuwa jana mkutanoni. Mzee Kombo, kuli wa bandarini Kipevu, aliinuka akauliza diwani huyu katufanyia nini. Mgombea yeyote angejibu "hakuna" akapigiwa vigelegele. Mimi nikaeleza kwamba mfereji wa maji wa karibu na zahanati aliufuatilia yeye, ofisi hii na ile, mpaka ukafunguliwa. Najua, kwa sababu habari ile niliiandika mwenyewe. Kisha nikaanza kutaja aliyoshindwa, lakini hapakuwa na msikilizaji tena. Walikuwa wakicheka.

"Sasa we wamfanyia nani kampeni?" mama mmoja muuza mihogo alipaza sauti. "Tuambie tukapange mstari kwake!"

Miaka kumi na minne gazetini nilizoea kumpa mtu haki yake kwanza, ndipo nimbane. Nilidhani mazoea hayo nimeyaacha kwenye meza yangu. Meza yenyewe nayo, tangu nijiuzulu, imeshapata mtu mwingine. Nikishindwa hapa sina pa kurudi.

Bi Saumu ataka nikanushe Alhamisi, kwenye mkutano wa mwisho. Kanipangia hata maneno: mfereji ungefunguliwa tu, hata diwani asingekwenda popote.

"Sentensi moja, mwanangu. Huandiki, wasema tu. Maneno ya mkutano hayana kesi."

Alipoondoka niliyajaribu mbele ya kioo. Yalitoka vizuri, bila kukwama.

Hilo ndilo linalonishughulisha. Wanasiasa wote niliowahoji, je, walianza na sentensi ngumu, au na nyepesi kama hii?

Alasiri Mzee Kombo kaja mwenyewe. Hakukubali kuketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ule mfereji, mabomba yake nilibeba mimi. Jibu nilikuwa nalo."

Nilicheka. Kuuliza unalolijua ili umpime mtu ni kazi yangu, na sikuitambua nilipofanyiwa.

Yeye hakucheka. Katika mlolongo, alisema, kila mtu huonekana kasimama nyuma ya nani, na msimamizi wake kazini ni shemeji wa diwani. "Kibarua changu nitakiweka hapo mbele ya macho yao. Nataka kujua nakiweka kwa nani. Ukiigeuza habari ya ule mfereji Alhamisi, mie simo."

Basi hesabu ni hii: mtaa mzima upande mmoja, kuli mmoja upande wa pili.

Nimemwambia Bi Saumu kwamba Alhamisi nitaanza na mfereji uleule, kisha niendelee na yale niliyokatizwa. Kaniuliza kama kuna kazi nyengine niliyoiomba.

Hakuna.

Mkutano wa mwisho ni Alhamisi saa kumi alasiri, kiwanja cha shule. Mlolongo ni Jumatatu, saa nne asubuhi.