Shairi Nililosoma Mbele ya Jeneza

Kolwezi, 9 Juni 1974

Mpendwa yaya Ngalula, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe, shemeji Mulumba na watoto wote hapo Kisenge. Je, vumbi la manganizi la mgodini limemwachia shemeji kifua? Huku tu wazima. Mama anakula kidogo, lakini kila asubuhi anafagia uwanja mwenyewe na hataki msaada wa mtu.

Uliniomba nikueleze tulivyomzika Baba. Basi kaa chini, maana mdogo wako alifanya jambo ambalo halijawahi kusikika kwenye matanga yoyote ya mtaa huu wa wachimbaji.

Unajua kwamba nawafundisha wanafunzi wangu washairi wa Ulaya wa zamani, wale waliokuwa wakikaa peke yao kando ya ziwa na kuuambia ulimwengu: mimi nateseka, mimi napenda, mimi si kama wengine. Watu hunicheka kwamba nimegeuka mmoja wao. Wacheke. Tangu zamani napenda ujasiri wa mtu kusema mimi bila kuomba ruhusa ya ukoo. Nikamwandikia Baba shairi la namna hiyo, beti kumi na mbili, nikavaa suti yangu nyeusi ya abakosti, nikalisoma mbele ya jeneza. Yaya, hata wacheza karata nyuma ya nyumba waliweka karata zao chini! Prefe, mkuu wa shule yetu, alinishika mkono akasema Zaïre imepata mshairi. Sitajidai mnyenyekevu: lilikuwa shairi zuri, na bado ni zuri.

Mama mdogo Kanku peke yake hakunisifu. Alinisogelea akauliza, “Na baba yako eko wapi mu ile maneno yote?” Nikamjibu kwa hasira kwamba mambo ya ushairi hayajui. Baadaye nikalisoma tena. Machozi yalikuwa yangu, upweke wangu, moyo wangu. Baba alikuwamo mara moja tu, ubeti wa nane. Tena walipokuwa wakimshusha kaburini nililia kweli, na papo hapo nikajitazama nikilia, nikitafuta namna ya kuliandika lile chozi.

Kabla ya kufukia, wazee wa Kasai, kwetu kwa asili, waliomba kasala, zile sifa za kumtaja marehemu pamoja na mababu zake. Majina ya ukoo wetu hapa Kolwezi aliyajua Baba peke yake, naye alikufundisha wewe, si mimi. Wazee walingoja, wakatazamana, kisha wakachukua makoleo.

Katika barua yako unailaani posta iliyokuletea telegramu siku moja baada ya mazishi. Usiilaani. Mama alinituma niipeleke siku ile ile Baba alipofariki. Nilikaa nayo mfukoni siku mbili. Nilijua ukija utasimama useme kasala, watu watalia mpaka wakauke, na shairi langu halitasikilizwa na mtu. Baba alizikwa bila majina yake kwa sababu hiyo.

Hakuna aliyenibana nikuambie. Mimi mwenye kiburi nakuomba: njoo uyataje kaburini. Nitasimama nyuma ya wanawake, nisikilize.

Mama anakusalimu sana, na mama mdogo Kanku pia. Wabusu watoto kwa niaba yangu, hata kama jina langu halitatajwa kwenu kwa muda.

Ni mimi mdogo wako,
Tshilombo, mwana wa Kazadi. Baba yake Kazadi ni nani, utaniambia wewe.