Uyoga Niliokata Shina

Kraków, Jumatano

Mdogo wangu Lucyna,

Pokea salamu za kaka yako Zenon, pamoja na za Bi Ludwika wa mlango wa pili, ambaye mpaka leo anashikilia kwamba ngazi yake niliivunja mimi. Natumaini mgongo wako umetulia na kwamba baridi ya Bergen haijaanza kukuonea mapema mwaka huu. Mimi sijambo. Hilo neno sijambo tutalirudia huko mbele, maana leo limenikaa vibaya mdomoni.

Barua hii ataileta mwanao Otylka kwa mkono wake, kwa hiyo kabla hujaendelea mtazame. Mshike mashavu, umwone ni mzima, kisha ukae chini. Alipokupigia simu akasema mjomba anaumwa tumbo, ni mimi niliyemtuma aseme hivyo. Ukweli ni kwamba niko hospitali, nimekula uyoga wa sumu, na nina hofu ambayo sijapata kuwa nayo. Na wewe unanijua, Lucyna. Mimi ndiye niliyevutana na kambare wa mto Wisła kutoka daraja la Dębniki mpaka Tyniec, tena kinyume cha maji, na yeye ndiye aliyekata tamaa kwanza.

Likizo ya Otylka ilianza vizuri sana. Nilimtembeza mjini kama binti wa mfalme. Lile joka la chuma chini ya ngome ya Wawel lilipotema moto, nikamwambia kwamba zamani, kabla hawajaleta gesi, kazi hiyo ilikuwa yangu, nilikuwa nakaa tumboni mwake napuliza. Akaniuliza mbona basi nyusi zangu zote zipo. Kwenye uwanja, mpiga tarumbeta wa mnara wa kanisa la Mariacki alipomaliza akapunga mkono, nikasema unaona, ananisalimu, ananijua huyo. Akasema mjomba, anawasalimu wale watalii nyuma yako, wewe umemzibia tu. Ulimi wa mama yetu mtupu.

Kisha mvua ikanyesha, jua likatoka, na unajua mtu wa kwetu akiona hivyo miguu inavyomwasha. Tukachukua vikapu tukaenda kutafuta uyoga msitu wa Niepołomice, pale pa marehemu baba, pale ambapo hata padri hakuambiwa kwenye kitubio. Nilimwapisha mtoto asimwambie mtu. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kikapu anatunyatia kwa mbali, nikampoteza kwa kuzunguka kinamasi chote, mpaka viatu vya Otylka vikajaa maji, naye akacheka.

Tulipata uyoga wa kania, ule mpana kama mwavuli, mwingi ajabu. Sasa hapa nisikilize. Baba alikuwa anang'oa na shina lote, wewe unang'oa, na mimi siku zote nakata kwa kisu, juu kidogo ya ardhi, safi, bila mchanga kikapuni. Tumegombana sana mezani kwa ajili ya hilo. Otylka akasema mama anasema lazima uone mguu wake, kwa sababu ule wa sumu umekaa ardhini ndani ya kifuko, kama yai lililopasuka. Nikamcheka. Nikamwambia nyie wa Norwei samaki mnawaokota kwenye friji, leo mtanifundisha mimi msitu, na huyo mama yako aliwahi kumkimbia chura hapa hapa. Palikuwa na vichwa viwili vimeota pamoja, bado vidogo, vyeupe kuelekea kijani. Akasema mjomba, hii pete ya shingoni haisogei, ya vile vingine inasogea. Nikasema bado vichanga, itasogea vikikua. Nikakata. Miguu ikabaki ardhini na kila kilichokuwemo.

Jioni nikavichovya kwenye yai na unga wa mkate, nikakaanga kama nyama. Nilikula nikijisifu mdomo umejaa. Sahani ya Otylka ilikuwa tupu, na nilipomuuliza akasema tamu sana, mjomba.

Kesho yake tulipanda kilima cha Kościuszko tuuone mji wote. Nilikuwa namsimulia jinsi nilivyokipanda zamani nimembeba farasi, ndipo tumbo likanikamata nikapiga magoti pale pale njiani, mbele ya watu. Na palepale nikajua, Lucyna. Nilijua hata kabla sijatapika. Sikujifikiria mimi. Niliiona ile sahani tupu.

Kwenye gari la wagonjwa nilikuwa nawashika wahudumu mikono, nawaambia mwacheni huyu mzee, mtibuni mtoto, mtoto amekula. Yeye anasema sikula. Mimi nasema anaogopa sindano, msimsikilize, sahani niliiona kwa macho yangu. Mpaka mapokezi tukawa tunabishana hivyo, mimi nalia kama beberu, na daktari, mama mmoja mkali, hajui amwamini nani. Ndipo Otylka akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake la mvua, akatoa leso ya karatasi imelowa mafuta. Sehemu yake yote ilikuwemo. Akaniambia, samahani mjomba, sikutaka kukuvunja moyo.

Aliniomba samahani, yeye, mimi.

Walikipeleka kile kipande kwa mtu wao anayejua uyoga. Jibu limekuja kwamba ni sumu: kimoja cha vile vichwa viwili ndicho kilichokuwa kwenye leso. Nilikuwa nimempa yeye kwa sababu kilikuwa laini zaidi. Pacha wake nilikula mimi.

Sasa lile neno langu la mwanzo. Siku mbili nilikuwa mtu wa kutapika tu. Leo nimeamka mzima, tumbo kimya, nina njaa, hata nimemtania muuguzi. Nikamwambia daktari anifungulie dripu niende nyumbani, mimi damu yangu ni ya chuma. Hakucheka. Akakaa kitandani kwangu, akasema sumu hii ina tabia ya kumpumzisha mtu kabla haijalishika ini, na kwamba siku anayoiogopa yeye ni kama hii ya leo, mgonjwa anapojisikia vizuri. Kwa hiyo nimelala hapa nikijisikia vizuri, na kila nikijisikia vizuri zaidi natetemeka. Otylka sijamwambia. Yeye anadhani nimepona, na nataka apande ndege akidhani hivyo.

Jumapili nitakupigia. Nisipopiga, atapiga Bi Ludwika, na wewe umpokee kwa upole, hata akianza na habari za ngazi.

Msalimie mumeo, wasalimie na wote wanaoniulizia huko. Waambie Zenon anawasalimu, habari za kambare wataendelea kuzipata kwako.

Kisu changu kimo kwenye sanduku la Otylka, nimempa. Mwambie ni cha kumenyea viazi. Pale pa baba sasa anapajua, na siku akirudi msituni ang'oe na shina lote.

Kaka yako,
Zenon