Somo, Mama Ameniuliza Mwenyewe

Somo yangu,

Shikamoo. Sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila neno hilo na sitaanza leo, hata kama marahaba yake sitaisikia.

Utumbo wangu umerudi ndani. Nimeona nikuambie hilo kabla ya mengine yote, maana najua ungenikatiza tu: "Yaache hayo, niambie tumbo." Tumbo limefungwa, Somo. Pale ubavuni palipokuwa na mfuko wa kupokelea choo sasa pana mshono. Unawasha, na daktari anasema kuwasha ni dalili ya kupona. Nimejilaza chumbani kwangu, dirisha la uani liko wazi, na nimekatazwa kuinua hata ndoo. Shuleni nitarudi muhula ukifunguliwa, Mungu akipenda.

Nilitaka kukuandikia tangu siku uliyozikwa. Sisi wanawake tulibaki ndani, jeneza likatoka na wanaume, sauti zao zikapungua mpaka zikaishia kwenye kona ya msikiti. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango wa chumba chako, mkono juu ya mfuko ili usitoe sauti. Ukatoa. Na mimi, kwa mazoea tu, nikasubiri ukohoe.

Kile kikohozi chetu. Ule utumbo uliotokeza nje haukuwa na adabu hata kidogo, ukitaka kunguruma unanguruma, wageni wawepo wasiwepo. Wewe ukiusikia tu unakohoa, kikohozi kikubwa cha kifuani, mpaka jirani mmoja akakuonea huruma akakuletea asali na tangawizi. Uliipokea kwa shukrani nyingi. Tulipobaki wawili ukaniambia, "Kunywa, mwanangu. Mgonjwa ni wewe, mimi nakukoholea tu."

Mama hakucheka siku ile. Alikuwa jikoni, nina hakika alisikia, akaendelea kukuna nazi.

Simlaumu. Ndivyo tulivyolelewa sote. Nilipovunja ungo Mama hakuniambia kitu, alikuita wewe uwe somo yangu, ukaja na kanga mpya ukafunga mlango. Tangu siku hiyo mambo ya mwili wangu yakawa yako. Mama akitaka kujua jambo langu anakuuliza wewe, nami nikitaka alijue nakuambia wewe. Basi mwaka jana homa ya matumbo iliponitoboa utumbo, wakanipasua na kunivalisha mfuko, mfuko nao ukawa wako. Kila asubuhi ulikuja, ukaosha, ukakausha ngozi iliyoungua kwa kuipepea na kipepeo cha jikoni, taratibu, kama mtu anayewasha mkaa wenye unyevu. Ulinishonea mkanda wa kanga wa kuushikilia. Nilipoacha kuswali kwa kuona sina twahara, ulikwenda kwa mwalimu wa madrasa, ukarudi ukanipa jibu kabla hujavua viatu: "Una udhuru. Kila sala tawadha upya, kisha swali. Usijitungie dini yako."

Ulipoondoka nilijifunza kujihudumia. Nilikuwa nafunga mlango, na Mama anaweka maji ya moto nje ya mlango, anagonga mara moja, anaondoka. Maji hayakuwahi kuwa ya baridi. Lakini hatukusema neno, mimi naye.

Kisha siku ya kurudi hospitali ikafika, ile uliyosema tutakwenda pamoja. Tulikwenda mimi na Mama. Walinipima damu, wakanipiga picha kwa dawa nyeupe iliyopitishwa pale pale penye tundu, kuona kama sehemu ya chini ya utumbo iko wazi. Baba alikuja kutoa damu akarudi kazini. Nikawa nakunywa maji na chai ya rangi tu ili tumbo liwe tupu. Nilikuwa na kitabu changu cha biolojia. Pale utumbo umechorwa vizuri sana, umejikunja kama kamba mpya dukani, rangi ya waridi. Nikautazama ule wangu uliotoka ubavuni, nikaona aliyechora hakuwahi kukutana nao.

Daktari alitueleza sote wawili. Wataunganisha ncha mbili, watarudisha ndani, halafu itabaki kusubiri. Utumbo ukishikwashikwa unalala, alisema, lazima uamke wenyewe. Akamgeukia Mama. "Ukiamka atatoa hewa kwa njia ya kawaida. Hiyo ndiyo habari ninayoitaka. Nisipoipata, tumbo likajaa, basi huenda pale tulipounga pana tatizo, na itabidi tufungue tena."

Mama alitazama sakafu. Mimi nilitazama kiatu cha daktari.

Chumba cha upasuaji ni baridi, Somo, kuliko baridi yoyote niliyoijua. Daktari wa usingizi aliniambia nihesabu. Mimi nikaanza Ayatul Kursiyyu, na sikufika mbali. Nilipoamka nilikuwa na mpira puani na koo kavu kama gunia, nikapeleka mkono ubavuni. Mfuko haukuwapo. Nililia, si kwa maumivu. Nilitaka mtu wa kumwambia, na mtu mwenyewe ni wewe.

Basi kikaanza kile kisa ambacho hakiko katika kitabu chochote nilichosoma. Wodi nzima ikawa inasubiri mimi nijambe. Nisamehe kwa kuliandika neno hili. Wewe ulinifundisha kwamba mtoto wa kike akibanwa hutoka akaenda mbali, na kama hakuwahi, basi hata akichinjwa asikiri. Pale walikuwa wanaliuliza kama wanavyouliza joto la mwili. Sista wa asubuhi: "Binti, bado?" Sista wa jioni: "Huyu wa pembeni, vipi, tayari?" Kitanda cha pili alikuwa mama mmoja mtu mzima kutoka Miono, aliyepasuliwa kabla yangu na kupata lake mapema. Alikuwa akijisifu kama aliyefaulu mtihani. "Mimi langu lilisikika mpaka dawa zinakotolewa," alisema. "Sukuma, mwanangu. Hapa hakuna posa utakayoikosa."

Likaja asubuhi moja, Mama amekwenda kufua. Dogo, jembamba, na linauma. Lakini lilikuja kwa njia yake. Nilibaki nimetazama dari, nimefurahi peke yangu.

Halafu daktari akaja na msafara wake. Wanafunzi wa udaktari, wote wavulana, mmoja wao hanizidi sana umri, na Mama amesharudi, amesimama miguuni pa kitanda na nguo mbichi mkononi. Daktari akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho, "Haya binti, umetoa hewa?"

Nikasema, "Bado."

Neno lilitoka lenyewe. Yule kijana alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika, na Mama alikuwa pale, na wewe hukuwapo.

Nilidhani nitamwambia sista baadaye, akiwa peke yake. Hakuwa peke yake. Siku ikapita bila kuonjeshwa hata maji, na kesho yake wakaja tena, wakauliza tena, na mtu akisha kusema "bado" mara moja, ya pili ni rahisi zaidi. Daktari akanibonyeza tumbo. Lilikuwa limejaa kidogo, pengine kwa vile nilikuwa najibana kwa nguvu zangu zote. Hakufurahi. Aliwaambia wenzake, akidhani nimesinzia, "Mpaka kesho. Ikibaki hivi tunapiga picha, na muandae nafasi ya kumrudisha ndani."

Mama alisikia. Alitoka nje. Niliona kivuli chake kwenye kioo cha mlango, amekunja mikono juu ya kichwa kama wanavyofanya watu msibani.

Aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo. Akaanza kukunja kanga iliyokuwa imeshakunjwa. Akasema, akiuambia ukuta:

"Somo yako angekuwapo ningemtuma yeye. Hayupo. Nimeshindwa nimtume nani. Basi nakuuliza mimi, na sitakutazama. Umepata?"

Sikuwahi kusikia sauti ile ya Mama. Ilikuwa ya mtu aliyeingia majini bila kujua kina.

Nikasema, "Nimepata, Mama. Tangu jana."

 Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikaanza kuomba radhi. Kumbe anacheka, Somo. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ile kanga, na bado hakugeuka. "Tangu jana," akasema. "Na njaa yote hiyo." Nami nikataka kucheka, mshono ukanikataza.

Yule wa Miono akasema bila kufungua macho, "Mimi nilisikia. Nikasema si mwanangu, nisimwage siri ya nyumba ya watu."

"Bibi wewe," Mama akamwambia, "ungeacha mtoto apasuliwe?"

"Ningesema kesho," akajibu. "Kabla ya kisu."

Mama akainuka akaenda kwenye meza ya masista. Mama yangu, ambaye dukani huomba kinong'ono asisikike ananunua nini. Alimwambia sista kwa neno lenyewe, na sista akamwita daktari, na daktari akaja akasikiliza tumbo langu kwa kifaa chake kwa muda mrefu. Alisema utumbo unafanya kazi. Alinitazama kwa ukali kidogo, kisha akasema niletewe maji, kijiko kwa kijiko. Maji yale, Somo. Kisha uji mwepesi. Kisha siku ilipofika ya mambo mengine, yale ya chooni, Mama alinishika mkono mpaka mlangoni, akasimama nje, na nilipotoka aliuliza, nami nikajibu. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Tangu turudi nyumbani watu wanauliza Mama atanichagulia somo gani mwingine, maana bado kuna mengi ya kufundishwa, na unyago wa ndoa uko mbele. Mama anawajibu kwamba kwa sasa hapana. Jana alikuwa anapara samaki uani, nikamuuliza jambo ambalo zamani ningekuuliza wewe tu. Nilimuuliza kama kovu hili litanizuia kubeba mimba siku moja. Alipara samaki mzima hajajibu. Kisha akasema alimuuliza daktari kabla hatujatoka hospitali, kwa kuwa alijua nitataka kujua, na kwamba kwa alivyoona daktari, halitanizuia. Alikuwa nalo jibu siku zote hizo. Alikuwa anasubiri niulize.

Nimelifikiria sana. Labda hata yeye zamani alikuwa anatamani kuingia mle chumbani, na hakujua kama anaruhusiwa.

Sitapata somo mwingine kama wewe, na simtafuti. Nakuahidi hili: lenye kuniuma nitalisema, kwa mtu aliye hai, kabla halijafika kwenye kisu. Nitalisema hata kwa sauti yangu hii ndogo, hata nikiwa natazama ukuta. Na Mama akinyamaza, nitaanza mimi.

Mungu akulaze pakavu na pasafi, kama ulivyokuwa ukinilaza, na akufanyie wepesi kwa kila mkono ulioniwekea. Kwaheri, Somo yangu. Mama ananiita nikale, na leo ni chakula kamili.

Mwanao