Harufu Niliyoijua Darasani Nyeri

Wanjiku mdogo wangu,

Nakusalimia na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mlima sijauona tangu nifike Nyeri. Ukungu umeufunika kama umekosana nasi. Tunafundishwa kutambua bia iliyoharibika, maana mtihani wa ujuzi wa bia uko karibu, na nisipopita, hoteli hainirudishi kazini. Chai tumekatazwa, ati inaharibu ulimi. Tunakula mkate mkavu, tunaonja, tunatema kwenye ndoo. Baba angeiona hiyo ndoo angelia.

Leo mwalimu alipitisha glasi moja akauliza inanuka nini. Sikuhitaji hata kuionja. "Tufaha bichi," nikasema. Akasema ndiyo hiyo, darasa likapiga makofi. Wanjiku, ilikuwa harufu ya pumzi ya Baba asubuhi, akiinama kutufungia kamba za viatu vya shule.

"Umejifunzia wapi?" mwalimu akauliza.

"Nyumbani," nikajibu, na wote wakacheka.

Jifunike vizuri usiku, na Baba mpe lile blanketi langu zito. Akiniulizia, mwambie nasomea upishi.

Dada yako akupendaye,
Muthoni