Babu Baha, Mkeka na Ng'ombe wa Watu

Jumamosi, Tlawi. Ukungu umegoma kuondoka mpaka saa tano, tope linafika kwenye vifundo, na mimi nina furaha ya kijinga kabisa. Nimerudi nyumbani naimba peke yangu njiani mpaka mbwa wa jirani wakanishangaa.

Wanaopita humu ukurasani wanaijua kazi yangu: mshauri nasaha, zahanati ya kijijini, chumba kimoja na viti viwili. Zamani watu waliletwa kwangu kwa sababu ya pombe. Tangu simu za tachi zipande huku milimani, wanaletwa kwa sababu ya kubeti. Vijana, walimu, hata mwanakwaya mmoja. Lakini mzee wa miaka sabini na kitu? Jamani, huyo alikuwa wa kwanza.

Nimwite Babu Baha. Si jina lake. Ameniruhusu nimwandike kwa sharti moja tu, nimwandike mrefu. Haya basi: Babu Baha ni mrefu sana.

Mkewe ndiye aliyekuja zahanati wiki mbili zilizopita, akisema mgongo unamuuma. Mgongo ulipoonekana mzima, akafunga mlango mwenyewe na kuanza kusema. Mzee anabeti mpira. Mbuzi wameondoka mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake. Na sasa amepatana na dalali kwamba Jumamosi ya mnada atamtoa ng'ombe.

Na ng'ombe si wake.

Kwetu ng'ombe wa mtu anaweza kuishi kwa mtu mwingine miaka na miaka. Rafiki anakuletea, wewe unamlisha, unakunywa maziwa, mbolea unamwaga shambani, ndama ni wa mwenyewe. Hakuna karatasi. Huyu ni wa Mzee Tluway wa Masieda, aliyechunga mifugo pamoja na Babu Baha wakiwa wadogo. Ukimuuza ng'ombe wa namna hiyo umemuuza na rafiki, na hakuna boma litakalokuamini tena hata kwa kuku. Bibi hakuwalilia mbuzi. Alilia kwa ajili ya hilo. Wala hakutaka Mzee Tluway aambiwe na mtu mwingine, maana mumewe akiumbuliwa, alisema, atazidi kujificha humo humo kwenye simu.

Nikaenda. Weee, nilivyojiandaa! Semina ya Babati ilitufundisha heshima, sauti ya chini, maswali yasiyobana. Nikavaa kitenge kipya, nikapiga goti: shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Nikauliza anajisikiaje siku hizi. Akasema mahindi yamechipua vizuri. Nikauliza kama kuna jambo linalomnyima usingizi. Akasema fisi. Nikauliza kuhusu mambo ya simu. Akasema mtandao wa huku ni dhaifu sana, serikali iangalie.

Mara ya pili hivyo hivyo. Niliondoka na mayai ya kienyeji kwenye kapu, na sikuwa na neno hata moja la kazi.

Jumatano hii mvua ikaninyeshea njiani. Naingia kwenye ua wake, mguu wa kulia ukaenda Mbulu mjini, wa kushoto ukabaki Tlawi. Puu! Nimekaa kwenye tope mbele ya mlango wa mteja wangu, kitenge kipya na cheti changu chote.

Babu Baha alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akasema, "Mke wangu, umepita kilabuni asubuhi yote hii?"

Mdomo wangu ulijibu kabla sijafikiri. "Nilipita kukutafuta wewe. Mume gani harudi nyumbani?"

Ndipo nilipoelewa, nikiwa bado chini. Babu na mjukuu wanataniana, wanaitana mume na mke, bibi anakuwa mke mwenza, na katika utani huo hakuna kisichosemeka. Mimi kwa kuogopa kumzeesha nilimwita baba, ingawa ana umri wa babu yangu kabisa. Nikawa binti. Na mzee gani atamfunulia binti yake aibu zake? Atamwambia habari za mahindi. Mzee wa watu alikuwa ananitunzia heshima yangu, huku mimi nikisema moyoni kwamba hashirikiani nami. Nilijicheka kweli kweli.

Nikanawa miguu, nikakaa jikoni karibu na moto, nikaletewa maziwa mgando. Maziwa ya ng'ombe yule yule. Nikamwambia, "Mume wangu, nasikia una mwanamke mwingine, analala mfukoni mwako."

Akacheka. Halafu kicheko kikaisha, akaniambia yote.

Watoto wake wako Arusha na Dar, wanatuma salamu. Siku moja alijaribu mkeka, yaani kutabiri mechi kadhaa kwa pamoja, akapatia zote. Vijana wa kibanda cha kubetia wakambeba juu juu, wakamwita Profesa. Kuanzia hapo kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kumuuliza mawazo yake. Mikeka ilipoanza kuchanika, akawa anaongeza mingine ili uprofesa usiishe. Pesa anasema hata haimuumizi sana. "Mke wangu, wale wakiacha kuniuliza, nani ataniuliza tena kitu?"

Nililia kidogo. Uso ulikuwa umelowa mvua tayari, kwa hiyo sikuumbuka.

Nikamuuliza, ng'ombe akienda mnadani, mimi mke mdogo nitakunywa maziwa ya nani? Hapo hakucheka. Alisema haiamini miguu yake. Jumamosi ikifika itakwenda yenyewe. Nilikuwa na mahubiri matatu tayari kooni, nikayameza pamoja na maziwa. Nilimwambia tu kwamba mke mdogo ana wivu, Jumamosi atakuja kuona mumewe yuko wapi.

Basi leo ndio leo.

Nafika kwake, zizi liko wazi. Ng'ombe hayupo. Babu hayupo. Bibi amekaa kwenye kigoda anachambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Ametoka na ng'ombe alfajiri, ananiambia, kamba mkononi, hakuaga. Majirani wamemwona akipita, lakini njia ya mnadani na njia ya Masieda huku kwetu ni moja mpaka kanisani, hivyo hakuna aliyejua ameelekea wapi.

Tukakaa. Nikachambua maharage na mimi. Nikajiambia, huo utani wako umeua ng'ombe wa watu, ungemwita dalali ukamtishia, ungempigia Mzee Tluway simu. Bibi hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Nilitamani anigombeze.

Ukungu ulipoanza kufunguka tukawaona chini ya mteremko. Wazee wawili na ng'ombe mmoja, wanapanda.

Bibi alisimama, maharage yakamwagika yote.

Kumbe jana Babu Baha alimpigia rafiki yake, akamwomba apande bodaboda alfajiri wakutane hapo kanisani. Akamkabidhi kamba, akamwambia kwa mdomo wake mwenyewe: mchukue, siku hizi mimi si mtu wa kuachiwa ng'ombe. Akamweleza na sababu, yote, wamesimama barabarani watu wa mnadani wakiwapita. Hayo ametusimulia Mzee Tluway, Babu akiwa anatazama viatu vyake.

Mzee Tluway alikunywa maziwa taratibu, akafuta ndevu. Nilidhani sasa atasema. Akasema ng'ombe amezoea majani ya huku, akihamishwa atakata maziwa. Abaki. "Ila nitakuwa nakuja kila Jumamosi kumwangalia."

Hakuna aliyeuliza ni nani hasa atakayekuwa anaangaliwa. Bibi aliingia jikoni ghafla, akasema moshi unamuumiza macho, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Mchana tukala makande, wazee wakaota jua ukutani. Mzee Tluway haujui mpira hata chembe. Akaanza kuuliza. Kwa nini yule mmoja anaruhusiwa kushika kwa mikono? Wakichoka wanabadilishana na nani? Huyo mwenye filimbi, analipwa na upande gani? Babu Baha akamjibu moja baada ya jingine, anachora uwanja ardhini kwa fimbo, sauti inapanda, mabega yamenyooka. Sijawahi kumwona hivyo. Nilikaa kama mtu aliyelipia kiingilio.

Ndipo simu ikalia mfukoni mwa koti lake. Ujumbe. Saa ya mechi ya Hispania imekaribia.

Aliitoa. Kidole kikasimama juu ya kioo, kikakaa hapo muda mrefu.

"Nani?" Mzee Tluway akauliza.

"Wahispania."

"Waambie una mgeni."

Babu Baha akampa mkewe simu, akaokota fimbo, akaendelea kueleza habari ya mwenye filimbi.

Sijidanganyi. Kidole kile nilikiona, na kesho Jumapili mechi ni nyingi kuliko za leo. Itakuwa kazi ya miezi, na nitarudi Jumatano kama kawaida, safari hii na viatu vya mvua. Lakini nilipokuwa naaga jioni nilichungulia ndani, nikamwona mke mwenza wangu anamtandikia Mzee Tluway kitanda.